Ulandanishi wa Ishara ya Video ya Kompyuta ya Nyumbani na Mitambo ya Nje: Uchambuzi wa Jenloki katika Kompyuta ya Amiga

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ishara ya video inayozalishwa na kompyuta ya nyumbani inavyolandanishwa na ishara ya mtambo wa nje, kama vile kamera, deki ya kanda au meza ya kuchanganyia picha. Mfano unaochambuliwa ni kompyuta ya Amiga ya kampuni ya Commodore, iliyoingia sokoni mwaka 1985, pamoja na kifaa kiitwacho jenloki. Hoja kuu ya makala ni kwamba ulandanishi si suala la kuunganisha kebo tu, bali ni uamuzi kuhusu saa ipi itawale mfumo mzima. Makala yanaonesha kwamba uamuzi huo huacha alama katika kanda zilizorekodiwa, na kwamba anayehamisha kanda hizo kwenda katika mfumo wa dijiti hana budi kuzisoma alama hizo kabla ya kuchagua njia ya kurekebisha picha.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1980 kompyuta za nyumbani zilikuwa na sifa moja iliyozitofautisha na kompyuta za ofisini: nyingi zilitengenezwa ili zitumie runinga ya kawaida kama kioo chake. Kwa sababu hiyo, ishara iliyotoka katika kompyuta hizo ilifanana kwa kiasi kikubwa na ishara ya kituo cha runinga. Kufanana huko kuliwafanya watu wengi wadhani kwamba maandishi au michoro ya kompyuta ingeweza kuwekwa juu ya picha ya kamera kwa kuunganisha nyaya mbili pamoja. Haikuwa hivyo. Nyaya mbili za video zikiunganishwa bila maandalizi, matokeo yake huwa picha inayobiringika, inayochanika na isiyo na rangi ya kueleweka.

Lengo la makala haya ni kueleza sababu za hali hiyo na namna ilivyotatuliwa. Sehemu ya pili inaeleza muundo wa ishara ya video ya analojia. Sehemu ya tatu inaonesha kwa hesabu kwa nini vyanzo viwili huru haviwezi kukaa pamoja. Sehemu ya nne inachambua utendaji wa jenloki katika Amiga, ilhali sehemu ya tano inajadili mipaka ya mbinu hiyo. Sehemu ya sita inahusisha matokeo ya uchambuzi na kazi ya kuhifadhi kanda, na sehemu ya saba ni hitimisho.

Istilahi chache zinahitaji ufafanuzi tangu mwanzo. Neno marudio limetumika kwa maana ya idadi ya mizunguko kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Neno awamu limetumika kwa maana ya mahali ambapo mzunguko umefikia katika wakati fulani. Nusu-picha ni seti moja ya mistari, ama ile ya namba witiri au ile ya namba shufwa, ambapo seti mbili hukamilisha picha moja.

2.0 Muundo wa Ishara ya Video

Ishara ya video ya analojia hubeba mambo mawili kwa pamoja: picha yenyewe na maelekezo ya lini picha hiyo ichorwe. Katika mfumo wa PAL, picha kamili ina mistari 625 na huchorwa mara 25 kwa sekunde. Picha hiyo hugawanywa katika nusu-picha mbili zenye mistari 312.5 kila moja, kwa hiyo nusu-picha huwa 50 kwa sekunde. Mstari mmoja huchukua mikrosekunde 64, sawa na mistari 15,625 kwa sekunde. Katika mfumo wa NTSC, uliotumika Marekani na Japani, mistari ni 525, na nusu-picha ni takribani 59.94 kwa sekunde.

Maelekezo ya uchoraji yapo katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mpigo wa wima, unaoiambia runinga irudi juu na kuanza nusu-picha mpya. Ngazi ya pili ni mpigo wa mlalo, unaoiambia ianze mstari mpya. Mpigo huu huchukua takribani mikrosekunde 4.7, na katika PAL volti yake hushuka karibu 0.3 chini ya kiwango cha weusi ili usichanganywe na picha. Ngazi ya tatu ni mlipuko mfupi wa wimbi la rangi unaofuata mpigo wa mlalo. Katika PAL wimbi hilo lina marudio ya megahezi 4.43361875, na katika NTSC ni takribani megahezi 3.579545. Runinga hulinganisha awamu ya rangi iliyomo katika picha na awamu ya mlipuko huo ili ijue kama ni nyekundu, kijani au buluu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ngazi hizi zinadai usahihi usiolingana. Kosa la mikrosekunde chache katika mpigo wa wima halionekani kwa macho. Kosa la mikrosekunde hizohizo katika mpigo wa mlalo husogeza picha pembeni waziwazi. Katika rangi, mzunguko mmoja wa wimbi la PAL huchukua nanosekunde 225.5 tu. Hivyo nyuzi 5 za awamu ni sawa na takribani nanosekunde 3. Mtambo unaodai kulandanishwa kikamilifu hauna budi kutimiza masharti ya ngazi zote tatu kwa wakati mmoja.

3.0 Kwa Nini Saa Mbili Hazikai Pamoja

Kila chanzo cha video kina saa yake, ambayo kwa kawaida huongozwa na kristali ya kwatzi. Kristali mbili zilizoandikwa marudio yaleyale hazifanani kabisa. Tuchukulie kwamba kamera na kompyuta zinatofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni. Baada ya sekunde moja, chanzo kimoja kitakuwa kimemwacha mwenzake kwa mikrosekunde 50, ambazo ni zaidi kidogo ya robo tatu ya mstari mmoja. Kwa kuwa nusu-picha huchukua milisekunde 20, pengo litafikia nusu-picha nzima baada ya sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Kwa upande wa rangi hali ni mbaya zaidi. Sehemu 50 katika milioni ya megahezi 4.43 ni takribani mizunguko 222 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba rangi ya chanzo kimoja, ikipimwa kwa rejea ya kingine, itazunguka duara zima la rangi mara 222 kila sekunde.

Kompyuta nyingi za nyumbani ziliongeza tatizo jingine. Ili maandishi yasimemeteke, zilichora mistari 312 kamili katika kila nusu-picha badala ya 312.5. Tofauti ya nusu mstari yaonekana ndogo, lakini huifanya kompyuta ichore nusu-picha 50.08 kwa sekunde badala ya 50. Hata kama kristali zingekuwa sawasawa kabisa, picha ya kompyuta ingepita juu ya picha ya kamera na kurudi pale ilipoanzia kila baada ya sekunde 12.5 hivi. Kosa hilo halikutokana na ubovu wa kompyuta. Ni tokeo la uamuzi wa wabunifu waliolenga runinga moja na kompyuta moja, bila chombo cha tatu.

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika video methali hii ina ukweli wa kihisabati: vyanzo viwili vinavyojitawala haviwezi kuchanganywa. Ama kimoja kikubali kumfuata mwenzake, ama vyote viwili vifuate saa ya tatu.

4.0 Utendaji wa Jenloki katika Amiga

4.1 Saa inayoazimwa kutoka nje

Wazo la kuruhusu picha ya nje ipite nyuma ya picha ya kompyuta halikuanzia kwa Amiga. Chipu ya TMS9918A ya Texas Instruments, iliyotumika katika kompyuta ya TI-99/4A, ilikuwa na pembejeo ya video ya nje, na kompyuta ya Pioneer PX-7 ya mfumo wa MSX ilitengenezwa ili iweke michoro juu ya picha za diski za leza. Upekee wa Amiga ni kwamba uwezo huo uliwekwa wazi katika soketi ya video ya mashine yenyewe, kiasi kwamba kampuni yoyote iliweza kutengeneza kifaa cha kuchomeka.

Soketi hiyo ina pini 23. Pini ya 1 hupokea saa ya nje, na pini ya 2 huiambia kompyuta iache kristali yake na kuifuata saa hiyo. Saa kuu ya Amiga ya PAL ina marudio ya megahezi 28.37516, na ile ya NTSC megahezi 28.63636. Namba hizi hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ile ya NTSC ni mara 8 ya wimbi la rangi la NTSC, na ile ya PAL ni mara 6.4 ya wimbi la rangi la PAL. Kwa hiyo tangu mwanzo saa ya kompyuta ilifungamanishwa na saa ya runinga.

Jenloki hupokea ishara ya kamera au deki, huchuja mipigo ya mlalo, kisha huilinganisha na mipigo inayotoka katika kompyuta. Tofauti ya awamu hugeuzwa kuwa volti, nayo volti huharakisha au hupunguza mwendo wa kitoa mpigo kilichomo ndani ya jenloki. Kitoa mpigo hicho ndicho kinachoipa kompyuta saa yake. Ikiwa kompyuta imechelewa, saa huharakishwa. Ikiwa imetangulia, hupunguzwa. Na mzunguko huu wa kusahihisha hauishi. Ni sawa na mpiga ngoma anayemsikiliza kiongozi wa ngoma na kurekebisha mkono wake kidogokidogo, bila kusimama na kuanza upya.

Jambo ambalo wachunguzi wa mfumo huu hawana budi kulizingatia ni kwamba saa hiyohiyo ndiyo inayoendesha kichakata. Katika Amiga ya PAL, kichakata hufanya kazi kwa megahezi 7.09, ambayo ni robo ya saa kuu. Jenloki inapounganishwa, kamera haiongozi picha peke yake, bali inakuwa mapigo ya moyo ya kompyuta nzima. Programu hukimbia au hujivuta kwa kiasi kisichohisika kwa kadiri chanzo cha nje kinavyokwenda, na saa ya nje ikikoma kabisa, kichakata nacho hukosa mpigo wa kukiendesha.

4.2 Kupanga mistari na nusu-picha

Saa sawa pekee haitoshi. Vyanzo viwili vyaweza kwenda kwa mwendo mmoja huku kimoja kikichora mstari wa 10 na kingine mstari wa 200. Kwa ajili hiyo Amiga ina biti moja katika rejista ya udhibiti wa picha ambayo, ikiwashwa, hugeuza nyaya za mipigo ya wima na mlalo kutoka kuwa matokeo hadi kuwa pembejeo. Vihesabio vya mistari huanza upya kwa amri ya mpigo wa nje. Biti nyingine huwasha uchoraji wa kupishanisha, ambao huipa picha mistari 625 kamili. Biti ya kwanza ikiwashwa bila chanzo chochote kuunganishwa, ulandanishi wa picha ya kompyuta hupotea, kwa kuwa mashine inasubiri amri ambayo haiji.

4.3 Kuchagua kati ya picha mbili

Baada ya vyanzo kwenda sambamba, hubaki swali la kipi kionekane wapi. Pini ya 14 ya soketi hujibu swali hilo kwa kila nukta. Nukta ikiwa na rangi namba 0, yaani rangi ya usuli, pini hubadilika na jenloki hupitisha picha ya nje. Nukta ikiwa na rangi nyingine yoyote, jenloki huonesha picha ya kompyuta. Katika PAL, nukta ya hali ya kawaida huchukua takribani nanosekunde 141, kwa hiyo swichi hiyo hulazimika kubadilika mamilioni ya mara kwa sekunde. Chipu zilizofuata, zilizoanza na Amiga 3000 mwaka 1990, ziliruhusu rangi nyingine pia zipewe jukumu la kupitisha picha ya nje.

Ngazi ya tatu ya ulandanishi, ile ya rangi, hufanyika ndani ya jenloki. Kompyuta hutoa nyekundu, kijani na buluu kwa nyaya tofauti, na jenloki huzigeuza kuwa ishara moja kwa kutumia wimbi la rangi lililofungwa kwenye mlipuko wa chanzo cha nje. Kwa njia hiyo, maandishi mekundu hubaki mekundu hata yakiwa juu ya picha ya kamera isiyofahamiana na kompyuta.

5.0 Mipaka ya Mbinu

Yaweza kuulizwa kwa nini wabunifu hawakuhifadhi picha ya nje katika kumbukumbu na kuisoma kwa saa ya kompyuta. Jibu lipo katika ukubwa wa kumbukumbu. Picha moja ya PAL kwa kiwango cha studio, yenye nukta 720 kwa mistari 576 na baiti 2 kwa kila nukta, huhitaji baiti 829,440. Amiga 500 ya mwaka 1987 ilitoka kiwandani ikiwa na baiti 524,288 za kumbukumbu. Picha moja tu ingezidi kumbukumbu yote ya kompyuta. Kumtii mgeni kulikuwa rahisi kuliko kumpa makazi.

Hata hivyo, utii huo una kikomo. Jenloki huiwezesha kompyuta kumfuata bwana mmoja tu. Deki ya VHS ni bwana asiyetulia: mwendo wa ngoma na kanda yake hubadilikabadilika, na mistari hutoka mirefu kidogo au mifupi kidogo. Kompyuta moja yaweza kuifuata deki moja, lakini deki mbili haziwezi kuchanganywa kwa jenloki, kwa kuwa hakuna inayomfuata mwenzake. Hapo huhitajika kirekebishi cha mwendo wa mistari, ambacho huandika kila mstari katika kumbukumbu kwa saa ya deki na kuusoma kwa saa thabiti. Video Toaster ya kampuni ya NewTek, iliyotoka mwaka 1990 na kuigeuza Amiga kuwa meza ya kuchanganyia picha, ilidai virekebishi vya namna hiyo kwa kila deki iliyounganishwa.

Kikomo cha pili ni cha kijiografia. Toaster ilijengwa kwa mfumo wa NTSC pekee. Nchi za PAL, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, hazikuweza kuitumia moja kwa moja, kwa sababu idadi ya mistari, marudio ya nusu-picha na wimbi la rangi vyote vilikuwa tofauti. Jenloki ya kawaida, kwa upande mwingine, ilipatikana kwa PAL, kwa vile kazi yake ilikuwa kufuata na kupitisha picha, si kuijenga upya. Hivyo basi, teknolojia nyepesi zaidi ndiyo iliyokuwa na mlango wazi kwa nchi za PAL.

6.0 Umuhimu kwa Uhifadhi wa Kanda

Zanzibar ilianza kurusha runinga ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikapata vituo vyake katikati ya miaka ya 1990. Mitambo ya kurushia matangazo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012. Kati ya nyakati hizo kumelundikana kanda za vituo, za taasisi na za familia, nyingi zikiwa na majina, tarehe na maelezo yaliyowekwa juu ya picha kwa vifaa vya aina mbalimbali. Kanda hizo zinachakaa, na kila moja yaweza kuwa na nafasi moja tu ya kusomwa vizuri.

Uchambuzi uliotangulia unatoa kigezo cha utambuzi. Maandishi na usuli vikitikisika pamoja huku vikibaki mahali pamoja kimoja kwa kingine, kosa limetokea baada ya vyanzo kuunganishwa, yaani katika kurekodi au kucheza kanda. Kosa la aina hiyo hurekebishika, kwa kuwa mipigo ya mlalo imetikisika pamoja na picha na kirekebishi chaweza kuifuata. Lakini usuli ukinyooka na maandishi yakatikisika juu yake, kosa limetokea wakati wa kuunganisha: jenloki haikuwahi kuifuata deki. Hapo mipigo ya mlalo inaeleza mwendo wa usuli tu. Kirekebishi kikinyoosha usuli zaidi, maandishi yatatikisika vilevile au zaidi, kwa sababu hakuna mpigo uliorekodiwa unaoeleza mwendo wa maandishi.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Mhifadhi asiyeifahamu aweza kuzidisha nguvu ya kirekebishi, akaharibu usuli uliokuwa mzima, kisha akaitupa kanda ya asili akiamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Aidha, anaweza kukata tamaa mbele ya kanda ambayo ingerekebishika kwa hatua moja. Makala haya yanapendekeza kwamba kabla ya kuhamisha kanda yenye maandishi, mhifadhi atazame sekunde chache za sehemu hiyo na kuandika katika rekodi ni kipi kinachotikisika kwa kulinganishwa na kipi. Pale ambapo maandishi ndiyo yanayotikisika, kirekebishi kitumike kwa kiwango cha kutuliza usuli na si zaidi, na kanda ya asili ihifadhiwe.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kulandanisha kompyuta ya nyumbani na mtambo wa nje kulihitaji mambo matatu: saa moja kwa wote, mwanzo mmoja wa mistari na nusu-picha, na rejea moja ya rangi. Amiga ilitimiza mawili ya kwanza kwa kukubali saa na mipigo kutoka nje, na ikaiachia jenloki jambo la tatu. Suluhisho hilo lilifaa kwa sababu kumbukumbu ilikuwa haba. Leo kumbukumbu ni nyingi, na vifaa vingi huipokea picha, huihifadhi na kuitoa kwa saa yao wenyewe, ingawa kila uhifadhi huongeza ucheleweshaji. Studio za kisasa zinazosafirisha picha kwa mitandao ya kompyuta bado husambaza saa moja kwa vyombo vyote. Swali la nani anatawala saa halijaondoka. Limebadilisha waya linamopita. Kwa mhifadhi wa kanda, jibu lililotolewa wakati wa kurekodi bado limo ndani ya picha, na ni wajibu wake kulisoma kabla ya kugusa kitufe cha kurekebisha.